Uzoefu wangu na klabu ya historia ya vita hapa Dar: kwanza kupima, ndipo kusema

Kama nyumbani kuna ganda la risasi, medali au picha ya babu aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) na hamjui mfanye nini nayo, klabu hii naipendekeza kwa moyo wote. Sababu yangu kubwa ni meza yao ya ukaguzi. Pale kitu hakipewi jina kabla hakijapimwa na kuandikwa kiliokotwa wapi na kimekaa kwa nani.

Tuanze na maganda ya risasi. La Waingereza la 0.303 lina urefu wa milimita 56 na ukingo uliotokeza kitakoni. La Mauser ya Wajerumani ya 7.92 lina milimita 57, kitako chake hakina ukingo, kuna mfereji tu unaolizunguka. Kutu ikishakula mdomo, hiyo milimita moja haikusaidii, kwa hiyo tazama kitako. La tatu ni nene, urefu milimita 60, mdomo milimita 11: hilo ni la bunduki ya mtindo wa 1871, ambayo askari wengi wa Mjerumani waliingia nayo Vita Kuu ya Kwanza, 1914. Ilitumia baruti nyeusi, na moshi wake ulimfichua mpigaji. Lakini bunduki hiyohiyo ilitumika pia dhidi ya Majimaji, 1905 hadi 1907. Ganda moja linaweza kuwa la Umatumbi 1905 au la mapigano ya Mahiwa 1917, na bila kujua liliokotwa wapi huwezi kukata shauri. Mwaka uliopigwa kitakoni husaidia kiasi tu, maana risasi hukaa ghalani miaka mingi. Risasi ambayo bado ina kichwa usiilete kabisa. Iache ilipo, uwaite polisi.

Jambo la pili wanalosisitiza, na nawaunga mkono: usisugue. Limau na majivu hung'arisha heller 20 (sarafu ya Mjerumani) ya Tabora ya 1916 na papo hapo hula maandishi yake. Medali nayo isomwe ukingoni, ambako huandikwa namba, cheo, jina na kikosi. Weka karatasi nyembamba juu, pitisha penseli laini, herufi zitatokea. Picha zisipigwe laminesheni, maana joto na gundi huziharibu na hakuna kurudi nyuma. Kwa unyevu wa Dar, bahasha ya karatasi isiyo na asidi ndani ya boksi lenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu inatosha, mradi vipakiti vibadilishwe vikishalowa. Watu wengi husahau hapo, na ukungu unaanza.

Darasa la mwandiko wa zamani wa Kijerumani ni zuri kuliko nilivyotarajia. Ukitaka kusoma majalada ya Mjerumani pale Nyaraka za Taifa, Upanga, kinachokwamisha ni e, n na u, ambazo zote hufanana. Wanakufundisha kutafuta kijiupinde juu ya u kwanza, ndipo neno lifunguke.

Ziara ya mjini ndiyo inayoniudhi. Wanasimama Sanamu ya Askari, wanaeleza vizuri kwamba ilizinduliwa 1927, kwamba mchongaji ni Myrander, na kwamba maneno ya mwandishi Mwingereza Kipling yapo pia kwa Kiswahili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Maneno hayo yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa vitani. Halafu muda wote uliobaki unaishia kwenye manowari ya Mjerumani Königsberg na mizinga yake kumi iliyoopolewa Rufiji. Wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na wengi wao majina hayakuandikwa popote. Kariakoo, palipokuwa kambi yao, ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Posta. Ziara haifiki. Kwa klabu makini namna hii, hilo ni pengo kubwa.

Kurekodi wazee wa vita vya Kagera wanakwenda vizuri: mmoja anauliza, wa pili anaandika majina ya watu na vijiji na kuyahakiki tahajia papo hapo, simu ikiwa imezimwa mtandao. Huuliza kombania kwanza, kisha majira ya mvua, kwa sababu tarehe husahaulika mapema. Ila rekodi ni nyingi kuliko zilizoandikwa, na faili lisiloandikwa halitafutiki. Anayechapa haraka atapokelewa kwa mikono miwili.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda, funga kila kitu kwenye kitambaa chake peke yake, na uandike kabla ya kutoka nyumbani nani alikupa.