Manifodi ya kuingiza hewa (sehemu inayogawa hewa kwenye silinda) yenye mabomba marefu au mafupi kwa injini ya 1JZ?
Kwa Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GE, lita 2.5, silinda sita za mstari, mimi nachagua mabomba marefu bila kusita. Yanajaza silinda vizuri kwenye mizunguko ya chini na ya kati ya injini, gari linavuta mapema. Ukipanda kwenda Kondoa na abiria wanne ndicho unachokitaka, maana Dodoma tupo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa tayari ni nyepesi.

Mafupi nguvu zake ziko kwenye mizunguko ya juu. Yanafaa injini yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na mashindano.

Kabla ya kulipa, simamisha rula ya chuma kwenye uso wa manifodi unaokaa gaskiti (kizibio kati yake na injini). Mwanga ukipenya chini yake, iache. Injini itavuta vumbi lisilopita kwenye filta, na gari likisimama injini ikiwa inawaka litatetemeka.