Kakakuona au nungunungu: nani kajikinga vizuri zaidi?

Tabora ubishi huu hauishi, hasa kwa warina asali wanaolala miomboni. Wote wawili hutembea usiku, lakini silaha zao ni tofauti kabisa.

Mbele ya simba, kakakuona anajikunja kama mpira. Magamba yake ni keratini, kitu kilekile cha kucha zako, na simba huishia kumviringisha tu. Nungunungu yeye anarudi kinyumenyume na kuchoma. Simba aliyejaa miiba usoni anaweza kushindwa kuwinda hadi akafa njaa. Hapo nampa nungunungu, kidogo.

Mbele ya binadamu mambo yanageuka. Kujikunja ndiko kunakomponza kakakuona: hana meno, hakimbii, unamwokota na kumtia guniani. Kile kilichomzuia simba kimemrahisishia mtu kazi. Tena huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, kwa hiyo pengo halizibiki upesi. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya spishi zote 8 za kakakuona. Imani ya kwamba hutabiri mwaka wa mvua au njaa nayo humfanya atafutwe.

Nungunungu hakamatiki kwa mkono, ila waya, mbwa na moshi shimoni vinammaliza. Miiba ikidondoka huota mingine.

Kwa mwenye shamba la mihogo Sikonge, nungunungu ana kinga kupita kiasi. Kwa askari wa wanyamapori, anayehitaji kulindwa ni yule wa magamba.