Uzoefu wangu na seva ndogo ya mafaili: ilikuwa inakatika kila siku, kumbe IP (anwani za vifaa kwenye mtandao) zimegongana

Nina miezi minane na hii seva ndogo, kile kiboksi cha disk mbili, tunaitumia watu sita ofisini, na mwezi wa kwanza nilishaamua kuirudisha tulikoinunua.

Ilikuwa hivi, uko ndani ya folda ya pamoja unafanya kazi vizuri tu, ghafla inagoma, kompyuta inasema haiioni seva, ukikaa kidogo inarudi yenyewe. Dada wa uhasibu alipoteza kazi ya asubuhi nzima kwenye Excel na iliniuma sana maana mimi ndo nilishauri tuinunue. Nikabadilisha waya, nikahamisha tundu la swichi ya mtandao, nikazima na kuwasha mpaka nikachoka. Kilichonichanganya zaidi, nikipiga ping (amri ya kuuliza kifaa kama kipo hewani) inajibu! Basi nikajua mtandao hauna shida, mbovu ni seva.

Siku moja nikachomoa waya wa seva kabisa, nikapiga ping tena IP yake, 192.168.1.50, ikajibu. Waya ninao mkononi! Nikaandika arp -a, amri inayoonyesha kila IP inatumiwa na MAC ipi (namba ya kifaa ya kutoka kiwandani), nikalinganisha ile MAC na iliyobandikwa chini ya seva, hazifanani hata kidogo. Kumbe anayejibu ni printa, kuna mtu zamani aliiwekea hiyo IP kwa mkono, rauta haina habari ikaigawa tena kwa seva. Printa ikilala tunapata mafaili, mtu akiprinti tu wengine wote tunakatika.

Nikaingia kwenye rauta, seva nikaitengea IP yake kwa MAC, printa nayo yake, na namba za DHCP, yaani zile rauta inazozigawa yenyewe, nikazianzisha 100 kwenda juu ili zisigongane na hizo mbili. Kuanzia hapo haijakatika tena, nasema kweli.

Kama yako inakwenda lakini inajikongoja, angalia spidi ya tundu la mtandao, waya ukikatika jozi moja ya nyuzi za ndani unaweza kushuka toka 1000 Mbps mpaka 100 na usijue. Asubuhi faili la kwanza linachelewa kwa sababu disk zinakuwa zimelala, hilo ni la kawaida, unaongeza muda kwenye setingi.

Naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu wakati wa kuiweka mara ya kwanza inachukua IP yoyote ya rauta na haikwambii popote kwamba seva inatakiwa iwe na IP isiyobadilika, sentensi moja tu ingetuokolea wiki tatu.