Robota la mabua halizuii mshale wa krosbo, na aliyeniuzia alijua

Kwa krosbo, ule upinde wenye kitako na kifyatuo kama bunduki, robota la mabua ya ngano peke yake si kinga. Unene wake usikuhadae.

Naishi Ohio, Marekani. Huku krosbo inaruhusiwa kuwindia kulungu msimu wa mishale, kwa hiyo wengi tunafanya mazoezi nyuma ya nyumba. Kinga za dukani ni ghali. Nikaenda duka la vyakula vya mifugo nikamweleza muuzaji waziwazi: ni krosbo, si upinde wa kuvuta kwa mkono. Akasema haupiti hapo mshale wowote.

Ukapita. Krosbo nyingi za siku hizi hurusha mshale kwa zaidi ya futi 350 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 100. Robota ni matabaka yaliyofungwa kwa kamba; mshale ukiingia kati ya tabaka na tabaka haukuti cha kuushika. Wangu ulitokea upande wa pili umenyofoka mabawa, ukatoboa uzio wa jirani. Nyuma ya uzio ule ndiko wanakochezea watoto wake. Siku hiyo hawakuwepo, namshukuru Mungu, lakini mikono ilinitetemeka hadi jioni.

Nikarudi dukani na mshale mkononi. Hakuutazama. Akaniambia mbele ya wateja wote, "Jifunze kulenga kwanza." Kulenga! Tundu liko katikati ya robota! Wala sikudai pesa zangu. Nilitaka tu aache kuwaambia watu kwamba mabua yanazuia, maana atakayekuja baada yangu huenda ana watoto wake uani.

Kinachofanya kazi ni hiki. Chukua gunia la chakula cha mifugo, lijaze nguo kuukuu zilizotolewa zipu na vifungo vya chuma, ushindilie mpaka gunia lisimame lenyewe. Nyuma yake tundika mkeka wa mpira wa kutandika zizi la farasi, ule wa futi 4 kwa 6 wenye unene wa robo tatu ya inchi. Usiugongomelee ukutani. Uning'inie huru, kwa sababu unapoyumba ndipo unapokula nguvu ya mshale. Una uzito wa karibu kilo 45, kwa hiyo tafuta boriti imara na minyororo. Vyembe vya makali vya kuwindia usivipige humo: vinanasa kwenye nguo na kuukatakata mpira. Kwa vyembe hivyo nunua shabaha ya povu iliyotengenezwa kwa ajili yake, hata kama inauma mfukoni.

Tuseme haki, mabua yaliyobanwa kwa mikanda ya kukazia mizigo ya lori, yakafunikwa yasilowe mvua, yanasaidia kiasi. Ukiwa na mkeka nyuma yake unaweza kuyatumia.

Hapana, nafuta kauli. Mikanda hulegea, mabua huoza ndani huku nje yanang'aa, na hutajua yamechoka mpaka mshale upite. Jirani yangu hakupaza hata sauti. Aliuliza tu kama nitaendelea kulenga upande ule. Nimegeuza uwanja wote, sasa nyuma ya mkeka kuna tuta la udongo. Mkeka niliununua duka jingine, mbali zaidi na ghali kidogo, na huko ndiko nitakakokwenda daima.