Mitego ya panya: upi ununue kwa ghala la mahindi, upi kwa banda la kuku

Kwa ghala la mahindi, nunua mtego wa ubao wa saizi kubwa, na ununue dazeni nzima kwa mpigo mmoja. Kwa banda la kuku, nunua kizimba cha waya, kile kinachomnasa panya akiwa hai. Gundi ya panya iache dukani. Huo ndio uamuzi baada ya kuilinganisha mitego inayopatikana kwa kawaida kwenye agroveti za Nakuru, kwa wachuuzi wa soko la Kibuye kule Kisumu, na kwa mafundi wa jua kali. Sababu zinafuata, pamoja na namna ya kutega, maana wengi wanaolalamika kwamba mtego ni mbovu waliutega katikati ya sakafu na punje mbili za mahindi juu yake.

Kabla ya kutoa pesa, jua ni panya gani unapigana naye. Panya wa darini ana mkia mrefu kuliko mwili, hupanda kuta na mbao za paa bila shida, na mkubwa wake hufikia gramu 200 au kupita. Kinyesi chake kina urefu wa takriban milimita 12, chembamba kwenye ncha. Panya shamba ni mdogo zaidi, huchimba mashimo kwenye kingo za shamba, na mavuno yakishaingia nyumbani naye huyafuata. Huyu ndiye anayejaza ghala kwa haraka: mimba yake ni siku 23 hivi, na anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Wa tatu ni kipanya cha nyumbani, gramu 15 hadi 25 tu, ambaye kinyesi chake ni kama punje za mchele zilizovunjika. Kipanya hupenya kwenye tundu la milimita 6, na panya mkubwa anahitaji milimita 12 tu. Ukiona kinyesi kikubwa juu ya boriti na kidogo chini ya magunia, una aina mbili, na saizi moja ya mtego haitawatosha.

Sasa mtego wa ubao. Huu ni ule wa zamani: ubao, springi, waya wa kupigia, kijiti cha kushikilia na kisahani cha chambo. Saizi ya kipanya ina urefu wa takriban sentimita 10. Saizi ya panya mkubwa inakaribia sentimita 18 kwa 8. Tatizo kubwa madukani ni ile saizi ya katikati, ambayo muuzaji atakuambia inafaa wote. Haifai. Kwa kipanya kisahani chake ni kigumu mno, na kwa panya wa darini waya wake haufiki shingoni, bali humpiga puani au mguuni, akajikokota na mtego hadi nyuma ya magunia. Panya aliyeponea hapo hukaribia mtego tena kwa shida sana.

Ujaribu mtego palepale kaunta. Utege, uweke juu ya meza, kisha ufyatue kwa penseli. Kwenye saizi kubwa, penseli inapaswa kuvunjika au kuachwa na alama ya kina. Ikiruka tu bila kuumia, springi ni hafifu. Kisha utazame chini ya ubao. Vipini vya waya vinavyoshika springi viwe vimepenya na kukunjwa upande wa pili. Vile vilivyopigwa nusu hung'oka baada ya kufyatuka mara chache, hasa kama ubao ni wa mbao laini iliyo na ufa kando ya tundu. Mwisho, pima wepesi wa kisahani. Mtego ukihitaji kusukumwa kwa nguvu, ncha ya kijiti imeingia mno kwenye kishikio. Kunja ile ncha kidogo kwa koleo hadi ishike kwa milimita moja au mbili tu. Kazi hii ifanye kabla ya kutega, wala usiifanye kidole kikiwa chini ya waya.

Kuna marekebisho mengine ya bure yanayoongeza mavuno ya mtego kuliko chambo chochote: panua kisahani. Kata kipande cha katoni ngumu au bati jembamba, mraba wa sentimita 5, ukibane juu ya kisahani. Kiwe ndani ya duara la waya, kisiuguse. Panya hahitaji tena kula ndipo afyatue. Akikanyaga tu akiwa njiani imetosha.

Na njia yake inajulikana. Panya hukimbia ubavu ukigusa ukuta, na hupita palepale kila usiku hadi ukuta ukapata alama nyeusi ya mafuta ya manyoya. Kama huioni, nyunyiza jivu laini sakafuni jioni na utazame nyayo asubuhi. Weka mtego ukiwa umeelekea ukuta, upande wa kisahani ukigusa ukuta kabisa. Ukiulaza sambamba na ukuta, anayetoka upande wa nyuma atauruka. Afadhali zaidi kuweka miwili miwili, kwa sababu panya anayeruka wa kwanza hutua kwenye wa pili. Kwa panya wakubwa acha mita 4 hadi 6 kati ya jozi na jozi, kwa vipanya mita 2 hadi 3. Ghala la mita 6 kwa 4 lina mzunguko wa mita 20. Hapo jozi nne chini zinatosha, na mitego minne inayobaki inapanda juu. Kwa panya wa darini mitego ya juu ndiyo yenye kazi. Ifunge kwenye boriti kwa waya wa kufungia, kupitia tundu ulilotoboa kwenye kona ya ubao, isije ikaanguka ndani ya magunia pamoja na mzoga.

Dazeni nzima inahitajika kwa sababu panya mkubwa huogopa kitu kipya. Anaweza kukikwepa kwa siku kadhaa, akikizunguka na kukinusa. Kwa hiyo weka mitego yote na chambo juu yake, lakini usiitege, kwa usiku tatu au nne. Chambo kikianza kuliwa kila mahali, tega yote usiku mmoja. Huo usiku wa kwanza ndio utakaonasa wengi. Anayenunua mtego mmoja na kuuhamisha kila siku huwafundisha panya wake, na kila uhamisho huanzisha woga upya. Kipanya ni kinyume chake: hupenda vitu vipya, kwa hiyo kwake tega siku ya kwanza, na mtego usiponasa kwa siku mbili uhamishe.

Kuhusu chambo, panya anayelala juu ya magunia arobaini ya mahindi hana sababu ya kusogelea punje tatu kwenye ubao. Mpe kile ambacho ghala halina. Ghala zuri ni kavu, na panya wa darini anahitaji maji kila siku, hivyo kipande cha nyanya, ndizi mbivu au kiazi kitamu kibichi humvuta, hasa miezi ya jua kali. Omena ni bora zaidi, lakini funga kwa uzi kwenye kisahani, la sivyo atamnyakua samaki na kuondoka. Siagi ya njugu nayo ni nzuri kwa sababu hunata. Tumia kiasi cha punje moja ya dengu. Kijiko kizima ni kosa, kwa kuwa ataramba kingo hadi ashibe bila kugusa kisahani. Mtego ulionasa usiuoshe kwa sabuni yenye manukato. Harufu ya panya mwenzake haimfukuzi. Pangusa damu, weka tone la mafuta ya kupikia kwenye springi isishike kutu, basi.

Mitego ya plastiki yenye taya, ile unayoibana kwa mkono mmoja kama kibanio cha nguo, ni rahisi kutega na ni salama zaidi kwa vidole. Kwa nyumba ya kuishi tunaipendekeza bila kusita: chambo huingizwa kwa chini baada ya kutega, na mzoga hudondoka bila kuguswa. Ghalani ina kasoro mbili. Taya za aina nyingi za bei nafuu hazifunguki vya kutosha kwa panya wa gramu 200, na kokwa za plastiki zinazoshika springi hupasuka zikikaa chini ya mabati kwenye joto. Chagua yenye ekseli ya chuma.

Mitego ya chuma ya meno inayotengenezwa na mafundi wa jua kali ina nguvu kupita kiasi. Huvunja mguu wa kuku, wa paka na kidole cha mtoto kwa wepesi uleule. Usiitumie mahali popote penye kiumbe kingine.

Kwa banda la kuku ndipo kizimba kinapostahili bei yake. Panya bandani hula mayai, huua vifaranga na kuchafua chakula, lakini mtego wowote unaofyatuka utavunja mdomo wa kuku kabla ya kumnasa panya. Kwenye kizimba, tazama kwanza nafasi ya waya. Kama kidole chako cha shahada kinapita, panya mchanga atatoka na kipanya hata hataona kuna ukuta. Pili, mlango uwe na springi au kifungo kinachouzuia kuinuliwa kutoka ndani. Mlango unaofungwa kwa uzito wake pekee huinuliwa kwa pua. Tatu, ndoano ya chambo iwe mbali na mlango kuliko urefu wa panya na nusu ya mkia wake, vinginevyo mlango utauangukia mkia na kubaki na mwanya. Kifunike kizimba kwa gunia kuukuu, uache mdomo tu, na ukiweke nje ya ukuta wa banda kwenye njia wanayoingilia, chambo kikiwa yai lililopasuka au omena. Kikague kila asubuhi bila kukosa. Usimwachilie panya kwenye shamba la jirani, na usimzamishe ndani ya maji, kwa kuwa anateseka kwa dakika nzima au zaidi. Mhamishie kwenye gunia, kisha pigo moja zito la kichwa linammaliza papo hapo.

Gundi haifanyi kazi ghalani kwa sababu ya vumbi. Unga na makapi ya mahindi huifunika na haishiki tena. Bandani inanasa vifaranga na mijusi. Na panya aliyenaswa hubaki hai kwa saa nyingi akilia, jambo ambalo hatuwezi kulipendekeza.

Mtego wa ndoo haununuliwi, ila unashinda vingi vinavyonunuliwa wakati panya shamba wanapohama baada ya mavuno. Ndoo ya lita 20, waya mnyoofu kupita katikati ya mdomo, kopo lililotobolewa katikati ya vitako vyake likizunguka kwenye waya, siagi ya njugu iliyopakwa pande zote za kopo, na ubao wa kupandia. Kopo lizunguke likiguswa na unyoya. Likikwama, panua matundu. Ndoo ikiwa na kuta laini na yenye kina, huhitaji kutia maji, bali uikague asubuhi. Kwa panya wa darini haifai sana, maana huruka nje.

Sumu tunaitaja kwa onyo. Zile za kuzuia damu kuganda, kama bromadioloni au brodifakumu za asilimia 0.005, huua baada ya siku kadhaa. Panya hufia ndani ya ukuta au chini ya magunia, na paka au bundi anayemla hudhurika pia. Ukilazimika, nunua yenye lebo kamili na namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB, na uiweke ndani ya sanduku lililofungwa nje ya ghala. Pakiti zisizo na lebo zinazouzwa barabarani usizilete nyumbani kabisa, kwa kuwa hakuna daktari atakayejua mtoto amemeza nini.

Wapo wanaouliza bunduki ndogo ya .22. Kwa panya wa ghalani haina nafasi. Bunduki yoyote inahitaji cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na ndani ya ghala itatoboa mabati na magunia. Kama anayekusumbua ni tumbili au nyani, hao wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na njia ni kuripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Mtego wowote utakaonunua utachoka kama mlango uko wazi. Nguzo za ghala la mbao ziwe na urefu wa mita moja na koni ya bati isiyo na mwanya, na usiegemeze ngazi wala mpini wa jembe, maana hiyo ni daraja. Waya wa kuku wa inchi moja hauzuii panya. Tafuta ule wa kofitrei, wavu wa waya wenye matundu madogo, wa robo inchi, unaozuia hata vipanya. Mifuko isiyopitisha hewa nayo haina kinga dhidi ya meno: tundu moja tu, hewa imeingia na wadudu wanaendelea. Wakulima wa Kakamega na Bungoma wanaovuna Julai na Agosti wategee kabla gunia la kwanza halijaingia, na wa Njoro, Rongai na Kitale wafanye hivyo kufikia Oktoba, ghala likiwa tupu na kila njia ikionekana. Unapoondoa kinyesi, lowesha kwanza kwa Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika kumi, ndipo ufute ukiwa na glovu. Kukifagia kikiwa kikavu hurusha vumbi lake hewani. Mizoga izikwe mahali ambapo mbwa hatafukua.