Cyberpunk 2077 na kifafa cha mwanga: kilichorekebishwa na kilichobaki

Ubora wa picha, hadithi ya V (mhusika mkuu ambaye mchezaji humwendesha) na fujo za siku za kwanza vimeshaandikwa vya kutosha. Hapa tunaipima Cyberpunk 2077 kwa swali moja: je, mtu ambaye kifafa chake huamshwa na mwanga unaomweka anaweza kukaa mbele ya gemu hii?

Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Gemu ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na siku chache kabla Liana Ruppert, mwandishi wa jarida la Game Informer, alitoa onyo hadharani baada ya kupata mshtuko wa kifafa akiicheza. Chanzo kikuu kilikuwa kile kifaa cha braindance ambacho V huvaa usoni ili aingie katika kumbukumbu ya mtu mwingine. Kabla ya kuingia, taa nyekundu na nyeupe zilimweka mfululizo, kwa kasi, mbele kabisa ya macho ya mchezaji. Ruppert alieleza kwamba kifaa hicho kinafanana sana na kile ambacho madaktari wa mishipa ya fahamu hutumia kuuchokoza ubongo makusudi wakati wa kipimo cha EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo. Hospitalini mgonjwa huwa amelala, mtaalamu yuko kando yake, na taa huzimwa mara tu dalili zinapojitokeza. Sebuleni hakuna wa kuizima.

CD Projekt Red, studio ya Poland iliyotengeneza gemu hii, iliongeza onyo na wiki ileile ikatoa toleo 1.04. Mimweko ya braindance ilipunguzwa kasi na ukali, na mpito wake ukalainishwa. Hadithi haikupoteza chochote. V bado anavaa kifaa, bado anazama katika kumbukumbu, na hakuna mchezaji anayekosa fununu hata moja kwa sababu taa zimetulia. Kwa hiyo wanaosema kinga huua uhalisia wajibu kwanza hili: ni uhalisia gani uliokufa katika toleo 1.04?

Kipimo chenyewe cha mwanga salama si siri. Kanuni za utangazaji za Uingereza, zilizokazwa baada ya tangazo la tambi za Pot Noodle la mwaka 1993 kuangusha watazamaji, na mwongozo wa WCAG wa kurasa za intaneti, zote zinakutana kwenye namba moja: mimweko isizidi 3 ndani ya sekunde 1. Mmweko mmoja ni mwanga kupanda na kushuka, au kushuka na kupanda. Ukubwa nao unahesabiwa. Kwenye televisheni mpaka ni robo ya skrini, kwa sababu mwanga mdogo pembeni hauliamshi eneo kubwa la ubongo linalopokea picha. Wekundu uliokolea una kanuni yake peke yake, maana ni mkali kuliko rangi nyingine. Hatari huwa kubwa zaidi karibu na mimweko 15 hadi 25 kwa sekunde. Mwaka 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha Pokémon kilichomwekesha rangi nyekundu na buluu takriban mara 12 kwa sekunde kilipeleka mamia ya watoto hospitalini.

Sasa chukua bunduki. AK-47 hufyatua takriban risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ukiipa kila risasi mmweko wa skrini nzima umevuka mpaka mara tatu na zaidi, na mbuni atakuambia kwamba huo ndio ukweli wa vita. Si kweli. Mchana, moto wa mdomo wa bunduki hauonekani sana. Kinachojaza skrini ni chumvi ya mtengenezaji. Dawa yake ni nyepesi: risasi ya kwanza ipewe mmweko kamili, zinazofuata ziachiwe mng'ao mdogo usiozimika katikati, na mlio ubaki risasi kwa risasi. Sikio ndilo linalohesabu risasi, na sikio haliangushi mtu kwa kifafa cha mwanga.

Radi ni ngumu zaidi, na hapo uhalisia unagongana na usalama kweli. Radi halisi mara nyingi hupiga mapigo matatu au manne ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ndiyo maana anga huonekana kutetemeka. Ukiichora ilivyo, umevunja kanuni. Hapa tunasema wazi: ivunjwe fizikia. Mapigo yaunganishwe kuwa mwanga mmoja unaofifia polepole. Vivyo hivyo taa za disko. Klabu halisi huweka taa za kumweka, na mwenye kifafa cha mwanga anaweza kutoka nje. Kwenye hadithi kuu ya gemu hana pa kutokea, kwa sababu kazi zinazopita kwenye braindance, ikiwemo ile ya mwanzo iitwayo The Information pale Lizzie's Bar, baa ya ndani ya gemu, haziwezi kurukwa.

Na hapo ndipo Cyberpunk 2077 inabaki na deni. Braindance imetulizwa, lakini kuna mabango ya neoni, mabomu ya kupofusha, klabu, na zile hitilafu za Relic, chipu iliyo kichwani mwa V, ambapo picha nzima hukatikakatika mbele ya macho ya V. Tulichokitaka ni swichi moja ya kutuliza vyote. Celeste, gemu ndogo ya mwaka 2018, inayo swichi ya namna hiyo. Call of Duty: Modern Warfare II nayo inakuruhusu kugeuza weupe wa bomu la kupofusha kuwa weusi. Studio yenye nguvu ya kujenga Night City, mji mzima wa gemu hii, haishindwi na swichi. Onyo la mwanzoni ni la lazima, ila onyo halizimi taa.

Ukiamua kucheza, anza na namba ya toleo. Diski zilizouzwa siku ya kwanza zilichapwa kabla ya marekebisho, hivyo mwenye PS4 au Xbox One asiye na intaneti anaweza kuwa na braindance ile ya awali hadi leo. Namba ya toleo iwe 1.04 au zaidi. Kama bando halitoshi kushusha sasisho, usiicheze. Jambo hili linavigusa hasa vibanda vya gemu vya mitaani kwetu: diski ya mkono wa pili, mashine isiyowahi kuunganishwa, pazia limeshushwa, runinga kubwa, na watoto kwenye benchi mita moja kutoka kwenye kioo. Umri wa shule ndio ambao kifafa cha mwanga hujitokeza zaidi kwa mara ya kwanza, na wengi huwa hawajijui.

Kisha zima HDR, maana kazi yake ni kuongeza tofauti kati ya giza na mwanga. Punguza mwangaza wa runinga yenyewe, siyo wa gemu peke yake. Wengi huambiana wazime chenga za filamu, ukungu wa mwendo na rangi za kingo. Kuzima hivyo huwasaidia wanaopata kizunguzungu, lakini mmweko unabaki palepale.

Umbali ndio kinga ya bei rahisi kuliko zote. Runinga ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Ukikaa mita 1 inajaza nyuzi 63 za upeo wa macho yako, ukirudi mita 3 inabaki nyuzi 23. Washa taa ya chumba. Usicheze ukiwa umekesha au umeruka dozi ya dawa. Miwani ya VR tusiizungumzie hata: hakuna pa kurudi nyuma.

Mmweko ukikushtukiza, funika jicho moja kwa kiganja kizima na ugeuze uso pembeni. Kufumba macho yote mawili hakusaidii, kwa kuwa mwanga hupenya kope, na kitendo chenyewe cha kufumba huweza kuchochea mshtuko kwa baadhi ya watu.

Mzazi au mwenye kibanda anaweza kukagua mwenyewe, mradi yeye hana kifafa cha mwanga. Rekodi kipande kwa fremu (picha moja moja za video) 60 kwa sekunde, kifungue kwenye VLC, programu ya kutazamia video, kwenye kompyuta, bonyeza herufi E kusogea fremu moja moja. Ndani ya fremu 60 zozote hesabu mwanga umepanda na kushuka mara ngapi. Ikizidi 3, na mwanga umeshika robo ya skrini au zaidi, kipande kimefeli. Usitumie rekodi ya PS4, kwa kuwa hurekodi fremu 30 tu na mimweko ya zaidi ya 15 kwa sekunde hupotea humo. Wenye ujuzi wa kompyuta watumie IRIS, programu ambayo Electronic Arts iliiachia wote bure mwaka 2023. Hukagua video nzima na kuonyesha fremu zilizovunja kanuni.

Mtu akianguka, ondoa vitu vigumu karibu yake, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu mtikisiko ukiisha, na utazame saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Povu haliambukizi, mguse. Mtikisiko ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali.

Kwa asiye na historia ya kifafa, toleo la sasa linachezeka kwa tahadhari za kawaida. Kwa aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba mwanga humwangusha, hatuipendekezi mpaka swichi ile iwepo.