Wiki nane na chai zinazojifanya kahawa: uzoefu wangu

Niseme mapema ili asije mtu akanilaumu baadaye: hakuna hata moja kati ya chai hizi za mizizi, nafaka na majani iliyo kahawa. Karibu kila pakiti niliyonunua ilikuwa na neno "kahawa" mahali fulani kwenye karatasi yake, na kila moja ilinidanganya kwa kiasi chake. Hata hivyo leo kabati langu lina pakiti tatu ambazo zikiisha nazinunua tena, na kopo la kahawa nimeligawa. Yafuatayo ni maelezo ya mtu aliyedanganywa akaridhika.

Kilichonifikisha huku ni usingizi. Nilikuwa mtu wa vikombe vinne kwa siku, cha mwisho saa kumi jioni, na nilijitapa kwamba kahawa hainizuii kulala. Kulala nililala, kuamka saa nane usiku ndiko sikukuelewa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kikombe cha kawaida kina takriban miligramu 95 za kafeini, na mwili wa mtu mzima huchukua wastani wa saa 5 hivi kuondoa nusu yake. Ukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu bado inazunguka kwenye damu, na saa nane usiku imebaki robo. Wapo wanaoiondoa upesi zaidi, na wapo wanaoiburuza kwa muda mrefu kuliko huo. Mimi, kwa ushahidi wa dari ya chumba changu ninayoijua ubao kwa ubao, ni wa kundi la pili.

Kosa nililifanya siku ileile ya kwanza: niliacha kahawa kwa mkupuo. Kesho yake kichwa kikaanza kugonga, siku ya pili ndiyo ikawa balaa, na ilipita karibu wiki kabla sijajiona mtu tena. Katikati ya dhiki hiyo ndipo nilipoonja chikori, mbadala wangu wa kwanza wa kahawa. Kwenye daftari langu niliandika: "maji ya kuoshea sufuria iliyoungua." Hukumu hiyo nimeifuta. Maumivu ya kichwa ya kuacha kafeini huanza ndani ya saa 12 hadi 24, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea hadi siku ya tisa. Ukionja kinywaji chochote kipya ndani ya siku hizo, ujue unaonja kichwa chako.

Basi nilirudi nyuma na kuanza upya kwa taratibu, na hapo chikori ndiyo iliyonisaidia. Chikori ni mzizi. Huchimbwa, hukatwakatwa, hukaushwa, kisha hukaangwa hadi uwe kahawia iliyokolea na kusagwa. Watu wa New Orleans, kule Marekani, wamekuwa wakiichanganya na kahawa tangu karne ya 19, na mpaka leo wanainywa hivyo na maziwa ya moto. Kabla yao Wafaransa waliizoea mtawala wao Napoleon alipofunga biashara na Uingereza mwaka 1806 na kahawa ikaadimika. Kilichonivutia katika habari hizo ni kwamba meli ziliporudi bandarini watu hawakuitupa chikori. Kitu ambacho mtu anaendelea kunywa baada ya dhiki kuisha hakiwezi kuwa kibaya sana. Nikaiga mchanganyiko wao: wiki ya kwanza robo chikori na robo tatu kahawa, ya pili nusu kwa nusu, ya tatu robo tatu chikori, ya nne chikori peke yake. Kichwa hakikugundua kitu.

Ladha yake sasa. Ni nyeusi kama masizi na nzito mdomoni, nzito kuliko kahawa yenyewe. Mwanzo unakutana na utamu wa sukari iliyoungua, kisha uchungu unakuja taratibu na kukaa nyuma ya ulimi. Mwishoni kuna kitu kama harufu ya udongo baada ya mvua, ambacho wengine hawakipendi. Uchachu haina kabisa, na kama wewe hupenda kahawa ile inayochachuka kidogo kama tunda, hapa utaikosa na hakuna dawa. Weka maziwa na itakufuta machozi. Bila maziwa inahitaji mtu aliyekwisha kuizoea.

Nilipokuwa nikisoma kwa nini mzizi wa mmea wa maua ya buluu uweze kufanana na mbegu ya kahawa, nilikuta jambo lililonibadilisha mawazo. Kafeini ni chungu, lakini inachangia sehemu ndogo tu ya uchungu wa kahawa. Sehemu kubwa huzaliwa kwenye moto, wakati kemikali za mbegu zinapovunjika na kuungana upya. Mzizi wa chikori nao una inulini, aina ya wanga, kwa wingi, na ukikaangwa sehemu ya inulini hiyo hugeuka sukari na kuungua. Kwa hiyo kile nilichokuwa nikikifuata jikoni kila asubuhi kwa miaka yote hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ukaangaji. Kafeini ilikuwa imedandia tu. Tangu hapo nimekuwa nikizipima chai hizi zote kwa swali moja: zimekaangwa kiasi gani? Zile za maua na majani mabichi, hata ziitwe mbadala wa kahawa kwa herufi za dhahabu, mimi haziniingii.

Shayiri iliyokaangwa ndiyo ya pili kabatini. Waitalia wanayo ya kunywa kama espreso, wanaiita orzo. Wajapani na Wakorea huitia nzima nzima kwenye maji na kuinywa baridi. Nimejaribu njia zote mbili. Ya kusagwa ni laini, ina harufu ya mkate uliokolea moto, na kosa lake ni kwamba ikipoa kikombeni inakuwa bapa, haina la kusema. Kipande chembamba cha ganda la limau kinairudishia uhai. Ile ya punje nzima ndiyo iliyonishangaza: vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji, ichemke kwa dakika kumi, ipoe, ikalale kwenye friji. Mchana wa joto kali siitaki kahawa wala kitu kingine. Kwamba haifanani na kahawa hata kidogo, sijali.

Mzizi wa dandelioni, mmea wa maua ya manjano, uliokaangwa ndio unaokaribia kahawa kuliko zote kwa wembamba na uchungu wake mkavu, usio na ule utamu wa kuungua wa chikori. Ningempa mtu asiyetaka kabisa utamu. Lakini Wafaransa wanauita mmea huo pissenlit, yaani kojoa kitandani, na jina hilo halikutungwa na mtu mwenye utani tu. Niliunywa mara mbili baada ya chakula cha usiku. Kwa mtu aliyeacha kahawa ili alale, kuamshwa saa nane kwenda msalani ni kurudishwa pale pale. Sasa naunywa asubuhi.

Rooibos, chai nyekundu ya majani ya kichaka, nimeinywa na naiheshimu. Hutoka milima ya Cederberg, Afrika Kusini, haina kafeini, na huko wapo wanaoisaga laini ikapita kwenye mashine ya espreso. Bado ni chai. Nzuri, lakini chai.

Hapa niseme kidogo kuhusu pakiti za mchanganyiko, kwa sababu ndizo zilizonila pesa nyingi. Hizi huwa na chikori, shayiri na karobu, tunda la mti lenye ganda refu, kisha hutiwa harufu ya vanila, lozi au chokoleti. Karobu yenyewe siilaumu. Ganda lake likikaangwa lina utamu wa asili kama wa kakao na linalainisha uchungu wa chikori vizuri. Ninacholaumu ni harufu za kutiwa. Unafungua pakiti, jiko zima linanukia keki, unakunywa, na mdomoni hakuna kilichofika. Nilizinunua nne na nikamaliza moja. Tena ya tatu ilinifanyia jambo baya zaidi. Mbele iliandikwa mitishamba, picha ya mizizi na majani, kila kitu cha amani. Siku tatu mfululizo sikulala. Usiku wa tatu nikaigeuza pakiti na kusoma maandishi madogo: kiungo cha tano, yerba mate, majani ya chai ya Amerika Kusini. Yerba mate ina kafeini, na ya kutosha. Mbegu za guarana pia, na kakao kidogo. Neno mitishamba halimaanishi haina kafeini; hata kahawa ni mmea. Sasa nageuza pakiti dukani kabla sijasoma mbele.

Na hayo maneno ya mbele, kusafisha ini, kutoa sumu, kurudisha ujana, yapitie tu kama unavyompita mtu anayekuita sokoni. Mtindo huo ni wa zamani. Mmarekani C. W. Post alipoanza kuuza Postum mwaka 1895, kinywaji cha ngano iliyokaangwa na molasi, matangazo yake yalimtisha mnywaji kahawa kwa kila aina ya maradhi ya neva. Kinywaji kikiwa kitamu hakihitaji kunitisha.

Lakini kuna mambo matatu ya mwili ambayo pakiti hazisemi kwa sauti. Kwanza ile inulini ya chikori: tumbo haliisagi, bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoila, na karamu yao ina gesi. Siku niliyokunywa vikombe vitano nilikaa mbali na watu. Kimoja au viwili havinisumbui. Pili, shayiri, ngano na nafaka ya rai zina protini iitwayo gluteni, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye mwili wake hauistahimili, abaki kwenye chikori, dandelioni au karobu zisizochanganywa. Tatu, chikori na dandelioni ni za ukoo mmoja na alizeti na krisanthemu. Aliye na mzio wa mimea hiyo, au mjamzito, au anayetumia dawa za kila siku, amuulize daktari kwanza. Mtu wa karibu yangu aliwashwa midomo kwa kikombe kimoja tu cha dandelioni.

Kuhusu kupika, nilipoteza wiki nzima kwa kufuata vipimo vya kahawa. Chikori hutoa rangi na ladha yake upesi na kwa wingi kuliko kahawa, hivyo kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha kikombe. Ukizidisha unapata lami. Naimwagia maji yaliyotoka kuchemka, naiacha dakika nne, nachuja kwa kitambaa kwa sababu chujio la waya linaacha unga chini. Dandelioni ni kinyume chake: ukiimwagia maji tu inabaki dhaifu, inataka ichemshwe sufuriani kwa moto mdogo dakika saba au nane, vipande vikiwa vikubwa hata dakika kumi. Vifuko vyake vya chai havikunipa chochote cha maana. Kama ndivyo ulivyoanza navyo ukaichukia, sikulaumu. Unga wa kuyeyuka wa chikori na shayiri unafaa safarini, ila ladha yake iko juu juu.

Kwa sasa ratiba yangu imetulia hivi: asubuhi dandelioni kavu bila sukari, saa kumi jioni chikori na maziwa, shayiri baridi wakati wowote. Nalala hadi alfajiri siku nyingi. Kitu kimoja hakijapatikana, nacho ni ile harufu ya kahawa inaposagwa. Pakiti ya chikori ukiifungua inanukia kitu kizuri, lakini haifiki chumba cha pili. Kahawa iliwaamsha watu wakiwa bado kitandani kwao. Nikipita mahali inaposagwa bado napunguza mwendo.